Nusu Inchi ya Bega

Jumatano asubuhi Seremala aliingia kwenye kibanda cha kushonea cha Fundi, akavua kofia, akawajulia hali watu wa nyumbani mmoja mmoja, kisha akaweka vitu viwili juu ya meza ya kukatia: kijitabu cha kurasa arobaini na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Fundi alivitambua vyote viwili kabla havijatua mezani. Kikaratasi alikiandika kwa mkono wake. Kijitabu nacho alikiandika kwa mkono huohuo.

La kikaratasi Seremala alilijua. La kijitabu hakulijua, na ndiyo maana alikuwa amekuja kwake kuomba msaada.

"Fundi mwenzangu," alisema, "kazi yako namba, kama mimi. Nisomee hiki, halafu nisomee ukurasa wa tatu wa hiki."

Fundi alijibu kwamba miwani ameisahau nyumbani. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani pake. Seremala aliitazama, kwa heshima akasoma mwenyewe.

"Kifua, arobaini na nane. Kiuno, arobaini na tatu. Nyonga, hamsini na nne. Bega la kulia limeshuka nusu inchi."

Kwa miaka kumi na tisa hakuna namba ya mwanamke iliyowahi kusomwa kwa sauti katika kibanda kile. Mafundi wengine wawili wa mji huo walipima kwa kelele, mmoja ameshika tepu na msaidizi wake ameshika kalamu upande wa pili wa duka, na namba ikapita juu ya vichwa vya wateja kama mpira. Fundi alishusha pazia, akapima, akaandika kimya kwenye daftari lake, akafunga. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mlango wa kibanda aliupanua kwa fedha zake, na wanawake wanene walitoka mbali kumfuata. Walisema wakiinua mikono mbele yake hawajisikii kama mizigo inayopimwa sokoni.

Seremala akafungua kijitabu. Jalada lilikuwa na kichwa *Mlango Mpana*, na chini yake jina la mtunzi, Bwana Wino. Katika ukurasa wa tatu mwuza unga, mjane, mnene, alikuwa amesimama dukani kwake mgeni alipoingia. Mgeni alikuwa mpima ardhi. Namba za mjane zilikuwa zilezile, na bega lilikuwa lilelile.

"Arobaini na nane wapo wengi," Fundi alisema.

"Hata mimi nilijiambia hivyo. Bega je?"

Fundi alisogeza mkasi.

Seremala alikaa kwenye kigoda cha wateja na kueleza yote polepole, kama mtu anayetoa misumari kwenye ubao bila kutaka kuupasua. Mwaka uliopita alikwenda mji mkubwa kununua gundi na vitasa, akataka kumletea mkewe gauni. Ndipo alipomwomba Fundi kikaratasi kile. Aliingia maduka saba. Katika la saba binti wa dukani alisoma namba, akamwita mwenzake, akacheka hadi akaketi chini. Seremala alirudi na gundi na vitasa tu. Hakumwambia mkewe neno. Kikaratasi kilibaki ndani ya pochi yake kwa sababu alishindwa kukitupa.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu wote walimwita Mwalimu. Kijitabu Seremala alikikuta chini ya mto wa mkewe. Alikisoma akitabasamu hadi ukurasa wa tatu.

"Mwanamume gani anayelijua bega la mke wangu kwa nusu inchi?" aliuliza. "Nimemuuliza, hakujibu. Ameniangalia tu. Tangu jana yuko kwa kaka yake. Nimempa hadi Jumamosi anitajie huyo Bwana Wino, la sivyo abaki hukohuko moja kwa moja. Hapa kwako wanawake wanakuja, wanaongea. Ukisikia kitu, niambie."

"Ukimjua utamfanya nini?"

"Nitampima," Seremala alisema, akavaa kofia yake.

Katika mji huo ni yeye pekee aliyetengeneza majeneza. Hakuna aliyemwona akicheka anapotamka neno 'kupima'.

Mchana huo Fundi alirudi nyumbani bila kushona hata pindo moja. Binti yake, aliyefanya kazi duka la fotokopi, alikuwa ameshafika na habari zilikuwa zimemtangulia. Binti ndiye aliyechapa vijitabu, akavidurufu, akavipiga pini na kuvipeleka kwenye saluni mbili, ambako wanawake walivisoma wakisubiri nywele zikauke. Na ndiye aliyebuni jina la Bwana Wino. Alisema mwanamke mnene akimsifu mwanamke mnene mwenzake watu husema anajifariji, lakini mwanamume akimsifu wanaamini. Fundi alikasirika siku ile, kisha akakubali, maana ilikuwa kweli.

"Nani mwingine anajua?" Fundi aliuliza.

"Sisi wawili na Baba. Mama, choma daftari."

"Daftari lina wanawake mia mbili."

"Ndiyo maana nasema choma."

Fundi alikuwa akijilaumu kwa jambo ambalo angemweleza mtu mwingine asingelielewa. Vijitabu viwili vya kwanza alitumia namba za kubuni. Vilipendwa, lakini yeye vilimwasha kama nguo yenye sindano iliyosahaulika ndani. Alitaka namba ziwepo, kwa sababu alichoshwa na hadithi zinazosema mwanamke "amejaa kidogo" halafu jalada linakuwa na msichana mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Alitaka msomaji ajue huyu ni mnene kweli, na anapendwa hivyohivyo hadi ukurasa wa mwisho, bila kupungua hata ratili. Ila alipozitazama tena zile namba za kubuni, akaona kwamba gauni la mwanamke yule lisingefunga zipu. Mwili wa namna hiyo haupo duniani. Basi kwa kijitabu cha tatu akafungua daftari, akatafuta mwili wa kweli, akachagua uliokuwa na uwiano mzuri kuliko yote aliyowahi kuishonea. Bega akaliweka kwa sababu bila bega gauni lisingekaa. Hakufikiria kwamba mtu anaishi ndani ya namba zile. Alifikiria kitambaa.

Mumewe alikuja saa tisa. Alikuwa karani wa shule ileile anayofundisha Mwalimu, mtu mwembamba kama ufito, mwenye wino vidoleni kila siku ya Mungu. Alikaa, akanywa chai, akaangalia vidole vyake.

"Wanasema ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Bwana Wino. Walimu wanasema. Karani, wino, mashine ya kuchapa, ofisi inayopakana na darasa la Mwalimu." Pembe ya mdomo wake ilikuwa inapanda na yeye anajitahidi kuishusha. "Mwalimu wa hesabu amenipa mkono."

"Na wewe unafurahi."

"Sifurahi. Nasema tu hawajawahi kunidhania kitu."

Binti alicheka. Fundi hakucheka. Alimwambia mumewe kwamba mwanamke wa watu amefukuzwa kwake na yeye ameketi hapo anajisikia jogoo. Karani akaweka kikombe chini. Alikuwa mpole, lakini si mjinga.

"Haya, nenda ukaseme," alijibu. "Simama mbele ya mji useme daftari lako umelifanya hadithi. Halafu uniambie nani atainua mikono mbele yako tena. Mimi maneno nitayavumilia. Maneno hayajaua mtu."



*

Alhamisi Fundi alikwenda nyumbani kwa kaka yake Mwalimu. Wifi yake Mwalimu alimfungulia, akamwambia mgeni wake yuko chumba cha nyuma, kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba sebuleni kuna viti vya plastiki na kimoja tayari kimeonyesha ufa. Alisema hivyo huku macho yake yakipanda na kushuka mwilini mwa Fundi. Fundi alipita.

Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akisahihisha madaftari juu ya paja. Hakuinuka. Fundi alisimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa isipokuwa hapo kitandani, na hakukaribishwa.

"Mwalimu, nimekuja kukwambia jambo."

"Nalijua," Mwalimu alisema, akaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, akageuza ukurasa. "Nililijua ukurasa wa tatu. Unadhani bega langu nani mwingine analijua? Mama yangu alikufa bila kulijua."

Fundi aliuliza kwa nini, kama alijua, hakumwambia mumewe.

"Kwa sababu mbili." Alizitaja kama anazungumza na darasa la nne. "Ya kwanza, nimeishi na yule mtu miaka kumi na sita. Kama ataamini karatasi ya saluni kuliko mimi, afadhali tujue sasa. Siwezi kuanza kuapa kwa umri huu kwamba sina mwanamume. Ya pili ni yako. Nikikutaja mimi, itakuwa nimekushitaki. Sitaki kukushitaki. Nataka ujitaje."

"Nitapoteza kazi."

"Labda."

Sebuleni wifi alikuwa akihamisha viti, kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika. Mwalimu alisikiliza hadi vikatulia.

"Nilikisoma mara mbili," alisema, na sauti yake ikashuka. "Nikwambie ukweli, kile kijitabu. Yule mpima ardhi anapomwambia mjane asipite ubavu mlangoni, apite wima, mlango ndio utengenezwe upya. Nililia. Nikakiweka chini ya mto. Halafu nikafikiri, huyu aliyeandika haya aliniona, na hakuniuliza. Nilikuja kwako kwa sababu hukusema namba. Ulikuwa mtu mmoja tu katika mji mzima, Fundi. Mmoja tu."

Fundi alifungua mdomo kuomba msamaha. Mwalimu aliinua kalamu nyekundu kumzuia, akarudi kwenye madaftari.

"Jumamosi," alisema.

*

Fundi angeweza kusema Ijumaa. Alfajiri alijiandaa, akavaa, kisha mteja akaja na kitambaa cha gauni la mahafali ya bintiye, akainua mikono, akafumba macho kwa kumwamini, na Fundi akampima. Akaja wa pili. Hadi adhuhuri alikuwa amepata sababu sita za kungoja kesho.

Saa nane mumewe aliingia kibandani. Katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuingia kibandani saa za kazi. Alifunga mlango, akashusha pazia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, mikono katikati ya magoti.

"Futi tano, inchi sita na robo," alisema.

"Nini?"

Akamweleza. Seremala alifika shuleni wakati wa mapumziko, uwanja umejaa watoto. Hakutukana, hakumgusa mtu. Alitoa rula yake ya kukunja, akampima Karani kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha bega hadi bega, taratibu, kama anavyopima kitu kilichokwisha lala. Akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao, akatia ubao kwapani, akaondoka. Watoto waliona mchezo mzuri sana. Kengele ilipolia tena walikuwa wanapimana kwa rula zao na kuanguka chini wakijifanya wafu.

"Nilisimama tu," Karani alisema. "Nilimwachia anipime. Hata nilinyoosha mgongo."

Mkuu wa shule alikuwa amemwita baadaye, akamwambia abaki nyumbani hadi mambo yatulie. Hakusema yatatulia lini. Ule uso wa juzi, wa kujisikia jogoo, ulikuwa umemtoka, na bila ule uso alionekana mdogo kuliko futi tano na inchi sita.

Fundi alitaka kumshika mkono. Badala yake alichukua kitambaa kilicholowa na kuanza kumfuta wino vidoleni, kidole kimoja kimoja, kwa nguvu, kama anavyofanya mama. Wino haukutoka. Ulikuwa wa miaka ishirini.

"Usiende kwa ajili yangu," mumewe alisema.

"Siendi kwa ajili yako."

Ilikuwa nusu kweli.

*

Jumamosi karakana ya Seremala ilikuwa na watu. Mama mmoja alikuwa amefuata kitanda chake, mteja wa Fundi wa miaka mingi. Wanaume wawili walikuwa wanabishana bei ya dirisha. Mwenye saluni alikuwa amekuja kuulizia benchi, ingawa kila mtu alijua amekuja kuona Jumamosi itakavyoisha. Ukutani, juu ya mashine ya kupasulia, kipande cha ubao kilikuwa kimegongelewa msumari, na juu yake namba za Karani kwa penseli.

Fundi aliusoma ule ubao kwanza. Kisha akasema, kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko alivyokusudia, kwamba Bwana Wino ni yeye.

Randa ilisimama.

"Rudia," Seremala alisema.

"Kijitabu nimekiandika mimi. Namba nilizitoa kwenye daftari langu la vipimo. Hakuna mwanamume. Mkeo hakunipa ruhusa na hakuwa na habari. Kosa ni langu peke yangu, na mume wangu hahusiki kwa lolote."

Seremala akatikisa kichwa, karibu kwa huruma. Alisema anaelewa, mke mwema humkinga mumewe. Lakini kijitabu kile amekisoma mara nne, na mwanamke hawezi kukiandika. Yule mtu aliyeandika alimtamani mwanamke yule. Alimtamani kila sehemu. Mwanamke hamwoni mwanamke mwenzake hivyo.

"Mwanamke mnene anajiona hivyo," Fundi alisema. "Siku moja moja. Akiwa peke yake."

Mwenye saluni alitazama chini.

"Lete daftari," Seremala alisema. "Fungua hapa tuone kama namba na bega vimo vilevile. Nitaamini."

Mama wa kitanda, ambaye hadi hapo alikuwa amesimama karibu kabisa na Fundi, alisogea hatua moja. "Na mimi nimo humo?" aliuliza polepole. "Mimi ni hadithi gani?"

"Wewe hujaandikwa, dada."

"Bado," mama yule alisema.

Fundi alielewa wakati huo kwamba duka lake limekwisha, limekufa hapo kwenye vumbi la mbao, na kwamba hana kilichobaki cha kulinda isipokuwa lile daftari lenyewe. Akasema hataleta. Mia mbili wamo humo na hawana kosa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanawake wameshajua leo kwamba ni yeye, asiwaongezee jeraha la pili.

"Basi huna ushahidi," Seremala alisema, akanyoosha mkono kuchukua randa.

"Ninao. Niambie, mkeo bega lipi limeshuka?"

"La kulia."

"Umejuaje?"

"Kikaratasi kina..."

"Miaka kumi na sita umelala ubavuni kwake," Fundi alisema. "Umelilalia bega lile. Umelilia pia nadhani, siku ulipomzika mama yako. Ulijua limeshuka? Usinijibu kwa kikaratasi. Kabla ya kikaratasi, ulijua?"

Mkono wa Seremala ulikuwa umesimama hewani juu ya randa.

"Hukujua. Na hukosei. Anayempenda mtu haoni nusu inchi. Mwanamume angekuwepo, huyo unayemtafuta, naye asingeiona, angeandika macho, angeandika mwendo, angeandika nywele. Wewe na mimi ndio watu wa nusu inchi, Seremala. Mlango ukipinda nusu inchi wewe unaumwa kichwa, mimi gauni likivutwa nusu inchi sipati usingizi. Sasa tafuta katika mji huu nani angemtazama mkeo, akaandika mapenzi yote yale, halafu akakumbuka kuweka bega. Ni mpuuzi mmoja tu."

Seremala alivua kofia, akafuta vumbi usoni, na alipomaliza uso ulikuwa umechafuka zaidi. Akaenda ukutani. Alichomoa msumari, akaushika ubao wenye namba za Karani, akaugeuza upande usioandikwa, kisha akakosa pa kuuweka.

"Maduka saba," alisema, si kwa Fundi wala kwa mtu yeyote. "Yule binti alicheka hadi akaketi chini. Nilipaswa kumwambia mke wangu. Nilisema nisimuumize."

"Mwambie leo."

"Atanifungulia?"

"Hilo mimi silijui," Fundi alisema. "Kuna wifi mlangoni."

Fundi alipotoka, mama wa kitanda alisogea tena kumpisha, mikono ameikunja kifuani, viwiko vimebana mbavu.

*

Karani alirudi shuleni Jumatatu. Mkuu alimwambia mambo yametulia, kana kwamba yalikuwa maji tu. Kwa Fundi hakukuwa na utulivu wa namna hiyo. Wateja walikuja, ndiyo, lakini walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Wengine walisingizia safari. Mama wa gauni la mahafali alikuwa mkweli zaidi: alisema atakwenda kwa wale wanaopiga kelele, maana kelele zao angalau zinaishia palepale. Mwenye saluni alirudisha vijitabu vyote vilivyobaki, vimefungwa kwa uzi. Binti alivihesabu, akaona kumi na moja havipo, akaenda kuuliza. Aliambiwa havikupotea, viko vitandani kwa watu, chini ya mito.

Wiki ya pili ilikatika. Fundi alishona mapazia ya zahanati, kazi isiyokuwa na mwili ndani yake.

Ijumaa ya wiki ya tatu Mwalimu aliingia kibandani na kitambaa cha kijani chini ya kwapa. Alipita mlango wima, hakupita ubavu. Fundi aliinuka kushusha pazia.

"Liache," Mwalimu alisema.

Fundi aliliacha. Barabara nzima ilikuwa inaonekana, na barabara nzima ilikuwa inawaona. Aliuliza habari za nyumbani. Mwalimu akajibu kwamba bado yuko kwa kaka yake. Mumewe hufika kila jioni, alisimulia maduka saba, akalia vizuri tu. Sasa anatengeneza kiti kipana cha mvule, ili mkewe akae sebuleni kwa wifi bila kusemwa. Mkewe amemshauri atengeneze viwili, cha pili cha wageni. Mwalimu alikuwa amemwambia atarudi kiti kikikamilika.

"Kinachukua siku ngapi?" Fundi aliuliza.

"Kwa jinsi anavyokipiga msasa, mwezi. Mwache." Akaweka kitambaa mezani. "Daftari."

Fundi akalitoa. Mwalimu alilifungua mwenyewe, akatafuta ukurasa wake bila kutazama za wenzake, akauchana taratibu kwenye mshono, akaukunja mara nne na kuutia kwenye pochi. Halafu akachukua tepu shingoni mwa Fundi.

"Simama hapa, karibu na mlango."

"Mimi?"

"Unataka kuandika kitabu kingine au hutaki? Safari hii utatumia namba zako."

Fundi alisimama. Tangu alipokuwa msichana wa sare ya shule, siku fundi mmoja alipotangaza kiuno chake mbele ya foleni nzima, hajawahi kupimwa. Nguo zake mwenyewe alizishona kwa kukisia. Aliinua mikono, na alijua sasa walivyojisikia wale mia mbili wote.

"Kifua," Mwalimu alisema kwa sauti ya kufika dawati la mwisho, "hamsini na mbili."

Mpita njia mmoja aligeuka. Mama wa kitanda alikuwa anavuka barabara na kapu, akapunguza mwendo.

"Kiuno, arobaini na tisa."

Mama wa kitanda akasimama.

Tepu ikazunguka nyonga. Ilikuwa tepu ya kawaida, ya inchi sitini, na inchi sitini ziliisha kabla nyonga hazijaisha. Ncha ya bati ikabaki inaning'inia, haijakutana na mwanzo. Fundi alifumba macho. Mwalimu hakuharakisha. Aliweka kidole gumba pale tepu ilipokoma, akaishika upya kuanzia hapo, akahesabu zilizobaki.

"Sitini na tatu," alisoma. "Mabega yote mawili sawasawa. Fundi, fumbua macho uandike."

Fundi akashusha mkono mmoja, akachukua kalamu, akaandika.